Mkono Uleule: Nguvu na Hasira katika Kisa cha Nabii Musa (a.s.)



Katika darsa la Ijumaa jioni, ndugu mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha. Alisema ana hasira za haraka, na muhula uliopita alimpiga mwenzake wa chumbani kwa jambo dogo. Ameomba radhi, wamepatana, lakini hosteli nzima bado inampisha njia. "Nataka tu kuishi kama wengine," alisema. "Mtu kama mimi anabadilika?" Tulitafute jibu katika Suratul Qasas.

Pigo moja

Nabii Musa (a.s.) alijaaliwa nguvu nyingi za mwili. Aliingia mjini, akakuta watu wawili wakipigana, mmoja wa Bani Israil na mwingine wa maadui zao. Yule wa kwao akamwomba msaada. Musa akampiga adui ngumi moja tu, akafa. Hakukusudia kuua, na alikuwa bado hajapewa utume. Hata hivyo hakujitetea. Alikiri kuwa ni kazi ya shetani na kwamba ameidhulumu nafsi yake, akaomba maghfira, na Allah (s.w.) akamsamehe (aya ya 15-16). Akaahidi kuwa hatakuwa msaidizi wa waovu (aya ya 17).

Kesho yake mtu yuleyule akamwita tena katika ugomvi mwingine. Musa alipotaka kumkamata adui, akaulizwa kama anataka kuua tena kama alivyoua jana (aya ya 19). Toba ilikwishakubaliwa, lakini mtihani ulirudi baada ya usiku mmoja.

Kisimani Madyan

Alipoonywa kuwa wakubwa wa mji wanapanga kumuua, alikimbilia Madyan. Kisimani akawaona wanawake wawili wakizuia wanyama wao, wakingoja wachungaji wamalize, kwani baba yao alikuwa mzee sana. Akawanyweshea. Mkono ulioua ndio huohuo uliovuta maji kwa ajili ya wanyonge. Kisha akaenda kivulini, akamweleza Mola wake kuwa ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia (aya ya 24).

Hakuomba ufalme, wala hakuomba aondolewe nguvu zake. Kheri iliyokuja ilikuwa ya kawaida kabisa: mahali pa amani, kazi ya kuchunga, na mke. Binti mmoja alimsifu kwa baba yake kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu (aya ya 26). Misri nguvu zake zilimfanya atafutwe auawe. Madyan, zikiwa pamoja na uaminifu, zilimpatia ajira. Mkataba ulikuwa miaka 8, na 10 kwa hiari yake. Katika Sahih Bukhari, Ibn Abbas (r.a.) anaeleza kuwa alitimiza muda ule mrefu zaidi.

Mafunzo

Kwanza, kukiri hutangulia mabadiliko. Anayesema "alinichokoza" bado hajaanza kutubu.

Pili, nguvu hazifukiwi, hupewa kazi. Mwenye mwili imara awabebee wagonjwa, achimbe kaburi, apange viti vya darsa.

Tatu, hasira huweza kurudi. Musa (a.s.) alipokuta watu wake wanaabudu ndama, alighadhibika kwa ajili ya Allah, akaziweka chini mbao za Taurati na kumvuta nduguye Harun (a.s.). Lakini alimsikiliza, akajiombea maghfira yeye na nduguye, na hasira ilipotulia akaziokota mbao (Suratul A'raf, 150-154). Tujifunze kuokota tulichokiangusha.

Nne, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu hasa si yule anayewaangusha watu mieleka, bali anayeimiliki nafsi yake anapokasirika. Akaelekeza tujikinge kwa Allah na shetani. Aliyesimama akae, na isipotulia alale. Hizi ni hatua za kufanya chumbani, kabla mkono haujainuka.

Basi jibu kwa ndugu yetu ni: ndiyo, inshaAllah, lakini Musa (a.s.) alichunga miaka kumi. Usikate tamaa kwa sababu ya muhula mmoja. Na sisi tunaompisha njia tujiulize: Allah akimsamehe mja wake, sisi ni nani hata tuendelee kumhesabia? Leo tukae naye tule pamoja.

Wabillahi tawfiq.