Chumvi, Chokaa na Klorini: Kuanzisha Maji ya Bwawa na ya Tangi

Watu wengi waambiwapo kwamba bwawa fulani la kuogelea ni la maji ya chumvi hudhani kuwa humo hamna klorini, na kwamba chumvi yenyewe ndiyo iuayo vijidudu. Sivyo. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, na bado vijidudu vya kipindupindu huweza kuishi katika milango ya mito, mahali maji ya bahari yanapochanganyika na maji baridi. Bwawa huwa na gramu 3 hadi 4 tu.

Chumvi hiyo ni malighafi. Maji hupitishwa kati ya mabamba ya titani yenye mkondo wa umeme; klorini hufanyika na kuyeyuka papo hapo, na haidrojeni hutoka kwa mapovu. Klorini ikiisha kazi yake hurudi kuwa chumvi. Kwa bwawa la lita 50,000 huhitajiwa kilo 175 hivi, nayo iwe chumvi safi. Ile ambayo zamani misafara ya Wasukuma iliifuata hadi Ziwa Eyasi isingefaa, kwa kuwa ziwa hilo lina magadi, na magadi huzidisha alkali.

Huko Mwamapalala, Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, haja ya watu ni tangi la maji ya kunywa kabla ya bwawa la kuogelea. Hata hivyo kemia ni moja, na tangi jipya la saruji lina ila ileile ya bwawa jipya: chokaa. Saruji changa hutoa haidroksidi ya kalsiamu ndani ya maji kwa majuma kadhaa, na kipimo cha pH, ambacho katika maji yasiyo asidi wala alkali ni 7, hupanda na kupita 8, pengine hata 9.

Kupanda huko kuna hatari kwa mnywaji. Klorini iliyomo majini huwa na sura mbili. Ya kwanza ni asidi haipoklorasi, isiyo na chaji, ambayo hupenya kwa urahisi ukuta wa kijidudu. Ya pili ni ioni ya haipokloraiti, yenye chaji hasi sawa na ya ukuta huo, na kwa hiyo ni dhaifu mno. Penye pH 7.0 robo tatu ya klorini ni ile yenye nguvu, penye 7.5 ni nusu, penye 8.0 ni robo, penye 8.5 ni sehemu moja tu kati ya kumi. Nacho kipimo cha kawaida cha klorini huru hakizitofautishi sura hizo. Rangi itaonyesha kuwa klorini imetosha, kumbe sehemu kubwa yake imelala. Ndiyo maana yampasa fundi apime pH kwanza.

Katika bwawa, alkali yote hurekebishwa hadi miligramu 80 mpaka 120 kwa lita kwa kutia soda ya kuokea, kisha pH hushushwa kwa asidi ya haidrokloriki hadi kati ya 7.2 na 7.6. Chumvi hutiwa mwisho, lipu ikiisha kukomaa kwa mwezi mmoja hivi, na umeme huwashwa chumvi yote ikiisha kuyeyuka. Anayeharakisha huona mabamba yakivaa ukoko mweupe wa chokaa.

Tangi la kunywa halitiwi asidi. Hujazwa, huachwa siku kadhaa, husuguliwa na kumwagwa, na kazi hiyo hurudiwa mpaka pH ikaribie ile ya maji yaliyoingizwa. Hapo ndipo vijidudu huuawa: kwa tangi la lita 5,000, gramu 385 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hutoa miligramu 50 kwa lita, na maji hayo hukaa saa 24. Yasinywewe, wala yasimwagwe mtoni au lamboni.

Baada ya hapo, maji ya kila siku yabaki na klorini huru miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa, pH ikiwa chini ya 8. Maji ya visima vilivyochimbwa penye udongo wa chokaa, ambao Wasukuma huuita ibushi, huweza kuwa na alkali kwa asili yake. Hayo yapewe muda mrefu zaidi kabla ya kuchotwa. Maji yenye tope yachujwe kwanza, maana uchafu hula klorini kabla haijawafikia vijidudu.

Unga wa klorini na asidi visiwekwe kamwe katika chumba kimoja. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huua watu.