Pikapu Yetu Ibebe Magunia Mangapi?

Katika mikutano ya vikundi tumeulizwa mara nyingi: pikapu ya kazi nzito inaweza kubeba mzigo wa kiasi gani? Wengi hujibu wenyewe, "Pakia mpaka bodi ijae." Wengine husema, "Tazama springi, zikilala basi inatosha." Majibu yote mawili ni ya hatari.

Hebu tuanze na bodi. Tuseme ina urefu wa mita 2.3, upana wa mita 1.5 na kimo cha sentimita 40. Hiyo ni nafasi ya karibu mita 1.4 za ujazo. Ijaze nyasi kavu za ng'ombe, gari halitasikia kitu. Ijaze mchanga mkavu, ambao mita moja ya ujazo ni karibu kilo 1,600, na umeshapakia zaidi ya tani mbili. Mchanga uliotoka mtoni ukiwa umelowa unapita hapo. Maji nayo, kila lita ni kilo moja. Tenki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima kabla hujahesabu tenki lenyewe. Kwa hiyo bodi inakuonyesha nafasi tu, uzito haiujui.

Uzito unautafuta mahali pengine. Fungua mlango wa dereva au boneti, utakuta kibati cha kiwanda. Juu yake kuna uzito wa mwisho ambao gari linaruhusiwa kuwa nao likiwa na kila kitu. Mara nyingi namba hiyo huandikwa kando ya herufi GVM, na pia huwa katika kitabu cha gari. Kisha tafuta uzito wa gari likiwa tupu. Toa huu wa pili kutoka kwa ule wa kwanza.

Mfano. Kibati kinasema kilo 2,800, na gari tupu ni kilo 1,700. Zinabaki 1,100. Watu hukomea hapo wakafurahi, "Tani moja na zaidi!" Lakini dereva na mwenzake ni kama kilo 140. Dizeli lita 70 ni kama kilo 60. Vile vyuma fundi alivyochomelea juu ya bodi, pamoja na turubai, jeki na kamba, tuseme kilo 100. Sasa zimebaki 800. Hizo ni gunia nane za mahindi za kilo 90. Ya tisa inapitisha. Au ni mifuko 16 ya saruji ya kilo 50.

Tunajua mtacheka: gunia nane tu? Hata sisi tulicheka. Miaka ya nyuma tulipakia mahindi ya kikundi, gunia 18, na juu yake wakakaa akina mama watano. Dereva alituambia, "Mama, gari imelemewa." Mmoja wetu akamjibu, "Aa, kijana wangu, si ni hapo karibu tu?" Kwenye mteremko breki zikapata moto, akakanyaga na gari halikusimama. Aliligongesha kwenye ukingo wa barabara ili lisitumbukie bondeni. Mama mmoja alivunjika mkono. Baadaye watu walitaka kumlaumu dereva, lakini ukweli ni kwamba sisi ndio tuliopakia.

Breki zilishindwa kwa sababu kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Uzito wote wa gari na mzigo wake ukiwa maradufu, joto linakuwa maradufu. Mwendo ukiwa maradufu, joto ni mara nne. Breki zikichemka sana hulegea, hata kama ni mpya. Ndiyo maana dereva mzoefu huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, si akiwa katikati ya mteremko.

Sasa, kuna fundi atakayekuambia, "Niongezee vyuma viwili vya springi, utabeba tani mbili." Gari litasimama wima kweli, na utadhani limepata nguvu. Lakini ekseli ni ile ile, na vilevile breki, chasisi na tairi. Umeondoa tu ile dalili iliyokuwa ikikuonya.

Tairi zina lugha yake. Ubavuni, baada ya saizi, kuna namba kama 104 au 112. Hizo si kilo. 104 maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 900, na 112 ni kilo 1,120, zikiwa na upepo unaotakiwa. Usizidishe kwa nne ukadhani umepata jibu, kwa maana za nyuma hubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Hapo tunafika kwenye kupanga. Wengi huweka vitu vizito mlangoni mwa bodi ili kushusha kuwe rahisi. Fikiria ubao wa watoto wa kubembea. Kilo 200 zikikaa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita tatu, ekseli hiyo inabeba karibu kilo 267, na pua ya gari inapunguziwa 67. Usukani unakuwa mwepesi na tairi za mbele hazishiki barabara vizuri. Weka vizito chini, mbele ya ekseli ya nyuma, uvifunge. Na watu wasikae juu ya mzigo. Hilo hatulijadili tena.

Zoezi la kikundi: someni kibati cha pikapu mnayoikodi, kisha mpime gunia tatu kwenye mizani ya soko, kwa maana gunia lililoshindiliwa huwa zaidi ya kilo 90. Halafu fanyeni hesabu hii: gari lina nafasi ya kilo 950 baada ya kutoa kila kitu. Mnataka kupeleka mifuko 12 ya saruji ya kilo 50, na pipa la lita 200 lililojaa maji. Je, kuna nafasi ya gunia mbili za mahindi za kilo 90? Na pipa mtaliweka wapi?