Gemu ya Mtepe na Walioiiga: Mafunzo Niliyopata

Familia yetu ilihama Koyama, kisiwa cha Wabajuni huko Somalia, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, ikatua Mombasa. Huko ndiko nilikotengeneza gemu ya simu: mchezaji anaongoza mtepe, chombo cha kale cha baharini, kutoka Koyama hadi Kismayu. Haikukaa sana sokoni ikaigwa. Haya nawaandikia vijana wa pwani wanaotengeneza gemu peke yao.

1. Wazo halina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda msimbo, picha na sauti. Haimzuii mtu kuunda gemu yake ya kuongoza chombo. Gemu ya simu ya Threes ilitengenezwa kwa miezi 14, ikatoka Februari 2014. Mwezi uliofuata Muitaliano Gabriele Cirulli akatoa gemu inayofanana nayo, 2048, bure, na hiyo ndiyo iliyoenea. Inauma, lakini si wizi. Bao nalo tumelirithi bila kumlipa mtu.

2. Wizi ni jambo jingine. Mtu alichukua faili la gemu yangu, akabadilisha jina na picha ya nje, akalipandisha upya limejaa matangazo. Nilijuaje? Ndani ya gemu bibi yangu anahesabu kwa Kibajuni, moja hadi kumi, na baada ya saba anakohoa. Nilimrekodi jikoni, nikakiacha kikohozi kile makusudi. Kwenye kopi ile bibi anahesabu, anakohoa, kisha linaruka tangazo la kamari. Mzee aliyezaliwa Koyama, aliyetoa sauti yake kwa ajili ya wajukuu, kafanywa mpiga debe wa kamari! Hasira ile ninayo hadi leo.

3. Tunza ushahidi mapema: michoro ya mwanzo, faili zenye tarehe, rekodi nzima. Cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si sharti la kumiliki kazi, ila husaidia kuthibitisha. Nilijaza fomu ya malalamiko ya Google, kopi ikaondolewa.

4. Wazee wanajua asichojua mwigaji. Mwingine aliunda gemu yake halali kabisa, lakini mtepe wake una misumari na tanga la kitambaa. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, tanga lake mkeka. Upepo wa kusi ulikupeleka Kismayu, wa kaskazi ukakurudisha. Wabajuni waliozicheza gemu zote mbili walijua mara moja ipi ni yao.

Ukikuta kopi ya gemu ya mwenzako, usiipakue. Mjulishe upesi, kwani malalamiko ya hakimiliki hupokelewa kutoka kwa mwenye kazi au mwakilishi wake tu.