Anayeuguza naye ana mwili

Ndugu zangu Waislamu, hapa Njoro, Moshi, tunajua sana kumjulia hali mgonjwa. Anayemuuguza hatumuulizi. Mimi namuuguza mama yangu, aliyepata kiharusi, na huu ni mwaka wa nne. Nikitoka msikitini swali ni moja tu: "Mama anaendeleaje?" Zamani niliulizwa kama nitashiriki mbio za Kilimanjaro, zilizoanza hapa mjini mwaka 2003. Siku hizi mimi ni "yule anayeuguza mama yake".

Si jina baya hilo. Uways al-Qarni hakuonana na Mtume (s.a.w.), na sifa aliyotajwa nayo ni wema kwa mama yake. Tatizo ni pale mtu anapodhani kwamba akitoka nusu saa kutembea amemdhulumu mgonjwa. Salman alipomkumbusha Abu Dardaa kuwa Mola, nafsi na familia kila mmoja ana haki yake, Mtume (s.a.w.) alimuunga mkono.

Na jambo hili si la nyumba moja. Utafiti uliofanyika kwa jirani zetu wa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwa mwaka wagonjwa wapya wa kiharusi takriban 109 katika kila watu 100,000 huko Hai, na 316 Dar es Salaam, hesabu zikiwa zimelinganishwa kwa umri. Wanaobaki na ulemavu hurudi mikononi mwa mtu, mara nyingi binti au mke (wanaume tujitazame).

Wapo wanaosema: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili na kufua mashuka, si mazoezi hayo? Ni harakati, na Shirika la Afya Duniani linazihesabu kazi za nyumbani. Lakini mgongo ulioinama usiku kucha hauponi kwa kuinama tena. Mwongozo wa shirika hilo wa 2020 unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa mtu mzima, na umeacha sharti la zamani la dakika 10 mfululizo. Hapo ndipo penye nafuu yetu. Kwenda msikitini kwa hatua za haraka Alfajiri na Isha, dakika 6 kila upande, kwa wiki ni dakika 168.

Ila lazima awepo wa kubaki na mgonjwa. Wengi wakija kutuzuru huleta machungwa, Allah awalipe. Jirani yetu mmoja huja Jumamosi baada ya Alasiri, haleti kitu. Hukaa na mama saa nzima, nami navaa raba.