Somo: Watu wa Uyombo na Kinu cha Nyuklia

Somo letu la mwezi huu ni refu kidogo kuliko kawaida, na vikundi vitakavyolisoma pamoja vyaweza kuligawa kwa juma mbili. Swali lake ni hili: Kwa nini watu wa Uyombo, huko Kilifi, walikataa kujengewa kinu cha umeme? Je, mtu mwenye akili huukataa umeme? Yafaa tulijibu polepole, maana katika jambo hili yamesemwa mengi yasiyo kweli, na yamesemwa na pande zote mbili.

Kwanza tujue kilichokusudiwa. Serikali ya Kenya, kwa njia ya shirika lake liitwalo NuPEA, ilipanga kujenga kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, kazi ianze mwaka 2027 na umeme upatikane mwaka 2034. Gharama iliyotajwa ilikuwa kama shilingi bilioni 500. Mahali palipopendelewa ni Uyombo, kijiji cha wavuvi na wakulima kilicho kati ya Kilifi na Watamu.

Kwa nini pwani? Jibu limo ndani ya kinu chenyewe. Mama akiinjika sufuria ya maji na kuifunika, mvuke hukiinua kifuniko. Kinu cha nyuklia ni sufuria ya namna hiyo, ila kuni zake ni madini ya urani. Chembe ya urani ikipasuliwa hutoa joto jingi. Joto huchemsha maji. Mvuke huzungusha mashine, na mashine huzaa umeme. Halafu mvuke huo lazima upozwe upate kurudi kuwa maji, na kwa kazi hiyo kinu huhitaji maji mengi mno. Ndiyo sababu vinu vingi hujengwa kando ya bahari, ziwa au mto mkubwa. Maji huvutwa, hupoza mtambo, kisha hurudishwa baharini yakiwa na joto zaidi kuliko yalivyotoka.

Hapo mvuvi wa Uyombo alikuwa na haki ya kuuliza. Karibu naye ipo Hori ya Mida yenye mikoko, ambamo samaki wadogo hukulia. Ipo hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyowekwa na serikali yenyewe mwaka 1968, penye matumbawe na fuo ambazo kasa hupanda kutaga mayai. Nyuma yake uko msitu wa Arabuko-Sokoke. Matumbawe hayastahimili joto. Maji yakizidi kidogo tu kwa muda mrefu, hugeuka meupe na kufa. Mtu asiye na mshahara ila ngalawa na nyavu, hilo kwake ni swali la chakula cha jioni.

Sasa nataka tusahihishe kosa moja. Wako waliowaambia wanakijiji kwamba kinu kikiharibika kitalipuka kama bomu la Hiroshima. Si kweli. Urani ya kinu cha kawaida haina nguvu iliyokusanywa kiasi cha kufanya bomu, na wapinzani wanaotumia maneno hayo huwapa wakubwa nafasi ya kuwacheka. Hatari ya kweli ni nyingine. Mtambo ukikosa kupozwa au kudhibitiwa, mafuta yake huyeyuka, na chembe zenye mionzi hutoka na kusambazwa na upepo na maji. Ilitokea Chernobyl tarehe 26 Aprili 1986, watu wa eneo la kilomita 30 kuzunguka kinu wakahamishwa. Ilitokea Fukushima, nchini Japani, mwezi wa Machi 2011, baada ya tetemeko la ardhi na mawimbi makubwa ya bahari, na zaidi ya watu 150,000 wakaacha nyumba zao. Kwa upande mwingine tuseme haki: Afrika Kusini ina kinu cha Koeberg, karibu na Cape Town, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1984, na maafa ya namna hiyo hayajatokea pale.

Lakini hata kinu kisichoharibika kina takataka zake. Hapa nitawarudisha darasani kidogo, mnivumilie. Iko chembe iitwayo sizi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 30. Baada ya miaka 30 imebaki nusu, baada ya 60 robo, baada ya 90 thumni, na ukiendelea hivyo mara kumi, yaani miaka 300, imebaki kama sehemu moja kwa elfu. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya hesabu hiyo. Iko nyingine iitwayo plutoni, ambayo nusu yake ya kwanza peke yake huchukua miaka 24,000. Sasa tazama: mwendo mfupi kutoka Uyombo yako magofu ya Gede. Ule ulikuwa mji wa mawe, wenye msikiti mkubwa na jumba la mfalme, nao uliachwa kama miaka 400 iliyopita. Leo wataalamu bado wanabishana kwa nini watu wake waliondoka. Ikiwa mji mzima ulisahauliwa kwa miaka 400, ni nani atakayewakumbusha wajukuu wa wajukuu wetu mahali takataka zilipofukiwa? Sijasikia jibu la swali hilo lililonitosheleza.

Tuje kwenye ardhi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mzizi wa ukaidi wote. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi za mwambao. Mwenye kudai shamba alitakiwa aende aandikishe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda wengi hawakuandikishwa, na wajukuu wao wakajikuta wanaitwa maskwota penye makaburi ya babu zao. Basi mtu wa mwambao akisikia neno "fidia", haulizi kwanza ni shilingi ngapi. Huuliza italipwa kwa jina la nani. Afisa kutoka Nairobi huenda akaona huo ni ujinga. Mimi naona ni elimu iliyonunuliwa kwa bei kubwa.

Wana elimu nyingine pia. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji yake yaliwadhuru watu, watoto hasa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, aliongoza wenzake kupigania haki. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, mahakama ikaamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Omido huyo huyo na shirika lake walisimama na watu wa Uyombo. Novemba 2023 walipeleka ombi bungeni uchunguzi ufanywe. Mei 2024 kukawa na maandamano kijijini, na magazeti yakaandika kwamba polisi waliwapiga watu na kuwakamata wengine. Kuwapiga wavuvi kwa sababu wameuliza swali ni jambo la aibu, hata kama kinu kingekuwa kizuri namna gani.

Ajabu ni kwamba mambo haya yalitangulia Ulaya kwa mfano unaofanana mno. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kinu kitajengwa Wyhl, kijiji cha Ujerumani kando ya mto Rhine, katika nchi ya wakulima wa zabibu. Ng'ambo ya mto, upande wa Ufaransa, palikuwa na mpango wa kiwanda cha risasi, na mwaka 1974 watu wa kingo zote mbili walikalia kiwanja chake mpaka kikakataliwa. Walikuwa na lugha moja ya nyumbani, ingawa serikali mbili. Watu hao hao wakaja Wyhl pia. Wakulima waliogopa kwamba mvuke wa minara ya kupozea utaleta ukungu na kuharibu zabibu. Waziri mkuu wa jimbo, Hans Filbinger, alionya kwamba bila kinu hicho taa zitazimika kabla ya mwaka 1980. Februari 1975 wananchi waliingia kiwanjani. Polisi wakawatoa kwa maji ya mabomba. Siku tatu baadaye walirudi watu kama 28,000.

Wakakaa msituni kwa miezi. Nao walifanya nini? Walijenga nyumba ya mbao na kuanzisha shule ya watu wazima, wataalamu wakija kuwafundisha habari za mionzi, za kilimo na za sheria. Mimi niliyeishi kwa chaki, hapo ndipo ninapovua kofia. Kinu hakikujengwa kamwe. Mpango ulizikwa rasmi mwaka 1994, na taa za jimbo lile hazikuzimika. Wala tusifiche kwamba kijijini Wyhl kwenyewe, katika kura ya Januari 1975, asilimia 55 walikubali ardhi iuzwe. Kijiji hakina moyo mmoja. Hata Uyombo walikuwako vijana waliotaka kazi, nao hawastahili kuitwa wasaliti.

Na sheria yetu je? Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 35, haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 69 kinaitaka serikali kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 70 ni cha kushikwa zaidi: anayekwenda mahakamani kulinda mazingira halazimiki kuonyesha kwamba ameumia tayari. Yaani si lazima tungoje watoto waugue kama wa Owino Uhuru.

Wasomaji watauliza, umeme tutautoa wapi? Kenya hupata kiasi cha asilimia 90 ya umeme wake kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Serikali hujibu kwamba mahitaji yanakua na mvua haitabiriki, na jibu hilo lina uzito wake.

Mwaka 2025 serikali iligeuza uso kuelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uyombo walipumua. Lakini ziwa nalo lina wavuvi, na maji ya ziwa hayana njia ya kutawanyika kama ya bahari. Basi vikundi vizungumze hili: je, walioshinda Kilifi wana deni lolote kwa watu wa Siaya? Wengine wasome vifungu vile vinne vya Katiba kwa sauti, waandike maswali matatu ambayo wangemwuliza afisa akija barazani. Na kila mwenye shamba aulize nyumbani kwake, kabla ya mkutano ujao, hati iko wapi na imeandikwa jina la nani.