Dondoo muhimu: Chagua tamasha kwa usiku unaoutaka

Kabla ya kukata tiketi, jiulize unataka usiku wa namna gani, ndipo utazame majina ya wasanii. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, hufanyika Februari ndani ya kuta za Ngome Kongwe, Zanzibar, na msimamo wake ni muziki unaopigwa moja kwa moja jukwaani. Anayependa kuona vidole vya mpiga udi atafaidi hapo, kisha atembee kwa miguu hadi chumbani kwake Mji Mkongwe. Nyege Nyege la Uganda, lililozaliwa 2015 pande za Jinja, ni jambo jingine kabisa: madijei huendelea hadi alfajiri, wengi hulala kwenye mahema, na mvua ikinyesha ni tope tupu. Huko buti nzuri ni muhimu kuliko nguo ya kupigia picha.

Wapo watakaosema nyota mkubwa ndiye anayevuta watu. Ni kweli, na waandaaji wanalijua hilo. Lakini nyota huimba saa moja hivi, na tamasha ni siku tatu au nne. Saa zinazobaki utakuwa na umati, foleni na sauti usizozizoea. Kwa hiyo soma ratiba nzima, si bango tu. Sikiliza wasanii watano usiowajua; wakikugusa wawili tu, tiketi ya siku moja inatosha. Bei nayo uihesabu pamoja na nauli ya boti, malazi na chakula. Kwa Zanzibar, weka chumba kwanza.