Mto Ruaha Wakati wa Kiangazi

Mwezi wa Oktoba sisi wa Kidato cha Nne tulitoka Dodoma, tukavuka bwawa la Mtera na kupitia Iringa hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964. Nilitazamia kuona mto, niliona mchanga. Katikati yake tembo alikuwa akichimba kwa mguu na mkonga mpaka maji yakatokea. Alipokwisha kunywa, nyani na swala wakakirithi kisima chake. Viboko nao walisongamana katika dimbwi moja la tope.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Huko juu, Usangu, maji mengi huingizwa katika mifereji ya mashamba ya mpunga kabla ya kufika kwenye kinamasi cha Ihefu. Ihefu ni kama mtungi: mdomoni pana mwamba, na maji yasipoufikia kimo hayamwagiki kuja hifadhini.

Wenzangu kadhaa walisema wakulima wazuiwe. Mimi nilisita, maana mchele wa Mbeya tunaougombania bwaloni umekunywa maji hayo hayo, na mitambo ya umeme ya Mtera inayangoja pia. Tulirudi tukibishana mpaka bwawani, ambako tulishuka kutazama maji yamefika wapi.